Vuli Yao Si Vuli Yetu

Kamusi ukiiuliza majira ya Septemba hadi Novemba kule Marekani yanaitwaje kwa Kiswahili, itakujibu: vuli. Mwaka wa kwanza mpwa wangu aliponialika Portland, jimbo la Maine, niliiamini kamusi nikafunga begi kama mtu wa Tanga anavyojiandaa kwa vuli: mwavuli, koti la mvua la plastiki, fulana sita za pamba na raba za turubai. Nikashuka Boston usiku wa Oktoba, nyuzi joto nne, upepo unatoka baharini. Kijana akanitazama miguuni, akanitazama mabegani, akasema, "Mjomba, hilo si koti, hilo ni mfuko."

Tangu hapo nimerudi mara mbili, na kila mtu wa kwetu anayepata mwaliko wa kwenda huko "kuona majani" huishia kunipigia simu. Haya hapa ndiyo ninayowaambia.

Kwanza lisahau lile neno. Vuli yetu ni mvua na kuchipua. Ukipita Tabora au Katavi mwezi Septemba, kabla tone halijagusa ardhi, utaikuta miombo imewaka nyekundu, na wekundu ule ni wa majani machanga. Yatakuja kuwa ya kijani baadaye. Siku hizohizo, huko Vermont, mlima mzima unakuwa mwekundu kwa majani yanayokufa. Rangi ni ya jamii moja, anthosiani, huku inapokea jani na kule inaliaga. Sisi wa pwani tunao mkungu, ambao hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha kwenye uwanja wa shule. Chukua mkungu huo, uuzidishe mpaka macho yashindwe kuona mwisho, halafu uchanganye na manjano ya limau na rangi ya embe dodo lililoiva. Hicho ndicho watu wanachokifuata.

Namna inavyotokea inafaa uijue, maana ndiyo itakayokusaidia kuchagua tarehe. Siku zikifupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Manjano yalikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, yamefunikwa tu. Nyekundu ni kazi mpya: pale kikonyo kinaposhikana na tawi mti hujenga ukuta mdogo mfano wa gamba, sukari inanaswa ndani ya jani, na kutokana na sukari hiyo wekundu hutengenezwa. Kwa hiyo mwaka mzuri ni ule wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Ukame mkali huangusha majani kabla ya wakati. Usiku wa joto hufifisha wekundu. Na mvua moja yenye upepo, ikipiga usiku, asubuhi unakuta kila kitu kiko chini, kimelowa kama makuti baada ya tufani. Mimi yalinikuta mara ya pili. Nililala hotelini nikiwa na mlima wa rangi dirishani, nikaamka na mlima wa fito.

Kwa hiyo usimwamini anayekutajia siku. Unachoweza kupata ni dirisha la wiki moja au mbili, nalo huanzia kaskazini kwenda kusini, na kileleni kwenda bondeni. Kaskazini kabisa mwa Maine, Vermont na New Hampshire rangi hukolea kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na mwanzo wa Oktoba. Katikati ya Vermont na kwenye White Mountains za New Hampshire ni wiki mbili za mwanzo za Oktoba. Pwani ya Maine, pamoja na Portland na hifadhi ya Acadia, husubiri mpaka katikati ya mwezi. Connecticut na Rhode Island ni mwisho wa Oktoba, na bustani ya Central Park jijini New York bado ina majani mwanzoni mwa Novemba. Majimbo hayo ya kaskazini hutoa taarifa ya rangi kila wiki msimu ukifika, bure, kwenye mtandao. Isome kama mvuvi anavyosoma upepo.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia tua kati ya tarehe 2 na 6 Oktoba, ukae siku kumi. Na usikimbizane na "kilele" kutoka jimbo hadi jimbo. Nimeona watu wakimaliza likizo nzima ndani ya gari. Chagua mji mmoja wenye mlima na bonde jirani. Juu kukiwa kumeshapukutika, unashuka. Bondeni kukiwa bado kijani, unapanda. Mteremko mmoja unaweza kukupa rangi za wiki mbili kwa siku moja.

Kuna siku za kukimbia kama ukoma: Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu, pamoja na Jumamosi na Jumapili zinazoitangulia. Bei za vyumba hupaa, nyumba nyingi za wageni hukataa mtu wa usiku mmoja, na barabara za vijijini hufungamana kama Ubungo saa kumi na mbili jioni. Nenda Jumanne. Nenda Jumatano. Nani anakuharakisha, na wewe uko likizo?

Barabara wanayokupeleka wote ni Kancamagus, New Hampshire, kati ya Lincoln na Conway, yapata kilomita 55 za msitu mtupu. Inastahili sifa zake. Ila haina kituo cha mafuta hata kimoja, na simu hukata mtandao, basi jaza tangi mjini na upakue ramani kabla ya kuondoka. Vermont ina barabara namba 100, inayopita katikati ya jimbo kutoka kusini hadi kaskazini, kijiji baada ya kijiji, na ile namba 108 inayopenya Smugglers' Notch, upenyo wa mawe mwembamba kiasi kwamba malori makubwa yamepigwa marufuku. Acadia ni majani na bahari pamoja, jambo ambalo mtu wa Tanga au Lamu atalielewa haraka kuliko wengine. Kupanda na gari hadi kilele cha mlima wake wa Cadillac katika msimu huo kunahitaji nafasi uliyoikata mapema mtandaoni. Ukifika mikono mitupu utageuzwa getini.

Usipotaka kuendesha, treni zipo. Downeaster inatoka Boston hadi Portland kwa saa mbili na nusu hivi na kuendelea hadi Brunswick. Vermonter inatoka Washington, inapita New York na kupanda Vermont nzima mpaka St. Albans. Kaa dirishani, chukua korosho zako, usilale.

Unayekodi gari, kumbuka kwamba unahamia upande wa kulia. Barabara kuu haina shida, maana magari mengine yanakuonyesha njia. Hatari iko asubuhi unapotoka peke yako kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, usingizi haujaisha, mkono ukakumbuka Tanzania au Kenya. Mimi nilibandika kipande cha plasta kwenye usukani, nikaandika KULIA. Basi la shule la manjano likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili. Majani yaliyolowa barabarani yanateleza kama maganda ya ndizi. Na jioni, kaskazini, punguza mwendo kwa ajili ya moose, mnyama mwenye pembe pana na kimo cha farasi, ambaye taa za gari hupita chini ya tumbo lake na kukuacha usimwone.

Sasa nguo, ambako wengi wetu huharibikiwa.

Mchana wa Oktoba kule ni nyuzi 12 hadi 16, usiku hushuka mpaka 3 au 4, na alfajiri nyingine hugusa sifuri. Aliyelala Njombe, Makete au Limuru mwezi Julai anaijua baridi hiyo. Wa Mombasa na Dar haijui, na asijidanganye na kiyoyozi cha ofisini. Kilele nacho kina hesabu yake: kila ukipanda mita 1,000, toa nyuzi kama sita. Mount Washington, wenye mita 1,917, unaweza kuwa na barafu wakati watu wa bondeni wanakula aiskrimu. Ni mlima uleule ambao mwaka 1934 kituo chake cha hali ya hewa kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa.

Kosa la kwanza la mgeni ni kununua koti moja kubwa kama la askari wa Urusi. Nje unalishukuru. Ukiingia dukani au ndani ya basi, ambako wanawasha joto mpaka nyuzi 20 na zaidi, linageuka tanuri, unalivua, chini kuna fulana iliyolowa jasho. Ukitoka tena, jasho lile ndilo linalokuumiza. Baridi ya Oktoba yenyewe si kali hivyo. Upepo na unyevu mwilini ndivyo vinavyomtetemesha mtu. Ndiyo maana wenyeji huvaa nguo tatu nyepesi, moja juu ya nyingine, na kutwa nzima wanavua na kuvaa kama wanaobishana na hali ya hewa.

Ya kwanza, inayogusa ngozi, isiwe pamba. Pamba hunywa jasho na kulikalia. Tafuta ya kubana, mikono mirefu, ya sufu nyembamba au poliesta ya mazoezi. Ya pili ni ya kutunza joto: sweta la sufu, au lile jaketi laini la manyoya ya kutengenezwa wanaloliita fliisi. Ya tatu ni jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua, lenye kofia yake na zipu za kufungua kwapani kama ukilipata. Ukiwa unapanda mlima, vua ya pili kabla hujatoka jasho. Ukisimama kupiga picha, ivae kabla hujasikia baridi. Hiyo ndiyo elimu yote, na mimi ilinigharimu mafua ya siku nne kuipata.

Usinunue vitu hivi dukani. Nenda mitumbani: Karume au Manzese kama uko Dar, Kongowea kama uko Mombasa, Gikomba kama uko Nairobi. Dar hasa ndiko kwenye raha, kwa sababu robota likifunguliwa na kukutwa masweta mazito, muuzaji hununa. Nani atayanunua kwenye joto lile? Nenda asubuhi, uliza nguo za baridi, utaoneshwa rundo la pembeni lisiloguswa na mtu. Lebo ikisema wool au merino, hiyo ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, ichunguze mwenyewe: chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti pembeni. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kati ya vidole. Poliesta inayeyuka, inakunjamana na kuacha kipunje kigumu. Halafu inua sweta usoni uelekeze kwenye mwanga, maana nondo wanapenda sufu kuliko sisi. Vitundu vidogo kwapani na kwenye kola ndiyo saini yao. Nilipata sweta la rangi ya ugoro, zito, halina tundu hata moja, kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Nililivaa siku kumi mfululizo, na sufu ina adabu hiyo: ukiitundika usiku ipigwe na hewa, asubuhi haina harufu.

Viatu ni habari nyingine. Mitumba ya viatu ipo, lakini angalia soli isiwe imekauka, kwa sababu gundi ya zamani huachia ukiwa katikati ya njia. Chukua buti fupi zisizopitisha maji, namba moja zaidi ya yako ili soksi nene ziingie, na uzivae wiki mbili nyumbani, hata kama majirani watakucheka. Soksi za sufu jozi tatu zinatosha. Kofia ya mzula, glavu nyembamba, basi. Suruali ya jinzi ivae mjini, milimani iache. Ikilowa haikauki leo wala kesho.

Halafu kanga. Mke wangu alinitilia doti moja begini bila kuniuliza, nikamwambia nakwenda kwa wanaume wenzangu, ya nini? Kwenye ndege ilikuwa shuka. Kwenye treni ilikuwa pazia la jua. Milimani niliikunja mara nne nikaizungusha shingoni chini ya jaketi, na shingo ikifungwa vizuri mwili mzima hushukuru. Ikilowa, inakauka juu ya kiti karibu na hita wakati unakunywa chai. Kikoi hufanya kazi hiyohiyo kama unaona haya. Mwanamke wa baibui ana nafuu kuliko anavyodhani: taiti nene ya sufu na sweta la kubana huingia chini bila mtu kujua, na mtandio wa sufu hufanya kazi ya kofia. Ila baibui la kuburuza njiani litaokota matope na majani yote ya Vermont, lipandishe kidogo.

Ukisafiri, vaa buti na jaketi mwilini, visile kilo zako za begi. Utatoka jasho uwanja wa ndege wa Dar, lakini ndani ya ndege utawatazama kwa huruma wenzako wa mikono mifupi.

Usisahau mafuta. Hewa ya kule ni kavu, na joto la ndani huikausha zaidi. Siku ya pili midomo inapasuka na magoti yanakuwa meupe kama ya mtoto aliyecheza kwenye vumbi. Mafuta ya nazi ya kawaida, chupa ndogo ndani ya begi la kupakiwa, jipake mara tu ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na maji.

Kupe nao wapo, na baridi ya Oktoba haijawamaliza. Ni wadogo kama punje ya ufuta, wanakaa kwenye nyasi na majani ya pembeni mwa njia, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Connecticut. Ingiza suruali ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, na wenyeji wote wa msituni watakuwa washamba kama wewe. Jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute polepole bila kumzungusha. Kwa kawaida inamchukua zaidi ya siku nzima akiwa amekung'ang'ania ndipo aambukize. Upele wa duara ukijitokeza siku zinazofuata, au homa, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa wapi. Bima ya safari kata kabla hujaondoka, hospitali za kule si za kulipia kwa kuchanga. Na kwa kuwa ni msimu wa uwindaji, vaa kitu cha rangi kali ya machungwa ukiingia porini.

Saa nazo zitakuchanganya. Sisi jua letu huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, hatulifikirii. Katikati ya Oktoba la kwao nalo huzama saa kumi na mbili, ukadhani uko nyumbani, lakini kila siku linakata kama dakika mbili, na Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Ghafla giza linaingia saa kumi na moja kasoro. Anayeswali asitegemee mazoea. Anayepanda mlima ageuze njia saa nane mchana hata kama kilele kiko jirani.

Chakula ni kizuri kuliko nilivyotarajia. Nenda shamba la tufaha, wanakupa mfuko, unachuma mwenyewe na kulipa. Hapo utauziwa saida ya moto, maji ya tufaha yasiyochujwa, haina kilevi. Ile waliyoiongezea neno hard ndiyo pombe, usichanganye. Donati zao zilizokandwa kwa saida ni binamu wa andazi, zina mdalasini badala ya iliki. Na chukua shira ya mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Vermont ndiyo inayoongoza kwa shira hiyo Marekani nzima. Hutengenezwa mwisho wa kipupwe kwa kuchemsha utomvu, na lita 40 za utomvu hutoa lita moja tu, ndiyo maana bei yake inauma. Nilirudi Tanga na chupa mbili, tukaimwagia kaimati mfungo wa Ramadhani. Mama mkwe aliuliza ni asali ya nyuki gani.

Picha piga, lakini ukiwa barabarani. Mwaka 2023 mji mdogo wa Pomfret, Vermont, ulifunga barabara zake kwa wageni wakati wa kilele cha rangi, kwa sababu watu walikuwa wanaingia kwenye shamba la mtu binafsi lililopata umaarufu mitandaoni. Kule hodi haipigwi getini kama kwetu. Geti lenyewe ndilo jibu.

Lugha isikutie hofu. Portland na Lewiston za Maine, na Burlington na Winooski za Vermont, zina Wakongo, Warundi na Wasomali wengi, na Kiswahili utakisikia kwenye basi kabla hujakitafuta. Ni wao walionionesha duka lenye unga wa ugali, siku ya saba, tufaha zilipokuwa zimeanza kunichosha.

Siku ya kuondoka sweta la rangi ya ugoro halikuingia begini, kwa sababu ya chupa za shira. Mpwa akanipeleka kwenye sanduku la chuma pembeni mwa maegesho, wanakotupia nguo wasizozihitaji. Nikalikunja vizuri, mikono ndani, nikalitumbukiza. Ukilikuta Karume, halina tundu hata moja. Kamshono kadogo ka ndani, upande wa kushoto, ndiko nilikochomoa uzi.